Ng'ombe wa Mtu Hakutwi na Kupe: Kumuaga Dkt. Damari Ntandu

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Dkt. Damari Ntandu anastaafu. Amekitumikia kituo chetu cha utafiti wa kupe, hapa Unyambwa, kwa miaka thelathini na mitatu bila kuhama, na si kwamba wakubwa hawakujaribu kumhamisha. Kila walipotaka kumpeleka kwingine walimkuta ana jaribio ambalo haliwezi kuachwa katikati, na kupe wake, alisema, hawasafiri vizuri.

Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja niandike wasifu wake. Nimefanya naye kazi maabara tangu mwaka 2006, kwa hiyo naomba kamati inisamehe mapema. Ukurasa mmoja unamtosha mtu aliyekuwa akija kazini kusaini na kunywa chai.

Nyumbani kwake wanamwita Mama Peniel. Sisi tunamwita Mama Kupe, na wageni wakisikia hushtuka, maana kwa kawaida ukimwita mtu kupe unatafuta ugomvi. Yeye huitika. Wafugaji wa Ikungi wakimwona barabarani humpungia kwa jina hilo hilo, na watoto wao humwamkia hivyo hivyo, shikamoo Mama Kupe, wakiwa na heshima zote.

Alizaliwa Kinampanda, wilayani Iramba, kwa wazazi waliolima mtama na kufuga ng'ombe kiasi chao. Alipokuwa darasa la sita, ndigana kali iliingia katika zizi la baba yake. Ugonjwa huo huletwa na kupe. Ng'ombe anavimba tezi chini ya masikio, anahema kwa shida, na muda si mrefu unajikuta unamchuna ngozi. Walikufa wote. Mama Kupe husema hadi leo anaukumbuka ukimya wa zizi lile asubuhi, na akilisema hilo huwa hatanii.

Walionusurika ni majike wawili waliokuwa kwa rafiki wa baba yake, Mzee Marko, ng'ambo ya pili ya kijiji. Kwa wageni wetu ambao si wa huku, nieleze kidogo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe haweki wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa marafiki wakatunzwe, nao tunawaita ng'ombe wa amana. Anayetunza hunywa maziwa, hupata samadi, na akishatunza vizuri hupewa ndama kama shukrani. Mwenye mali hupata usalama, kwa sababu ugonjwa au ukame haugongi milango yote kwa pamoja. Uzao wa majike wale wawili ndio uliomsomesha Damari mpaka akawa daktari wa mifugo. Mmoja wa vitukuu vyao yuko kwa Mzee Marko hata sasa. Msomaji amweke kando ng'ombe huyo, nitamrudia.

Alifika kituoni Julai 1992 na sanduku la bati na miwani iliyofungwa uzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua majosho ya kuogeshea mifugo. Kwa pikipiki ya kituo alizunguka Ikungi, Mkalama na Manyoni hadi Kilimatinde, akipima kama maji ya josho yana dawa ya kutosha. Mengi hayakuwa na dawa. Mengine hayakuwa na maji. Moja lilikuwa limestawi mchicha, na mwenye mchicha, kwa aibu ya kukutwa, akamfungia Mama fungu zuri la kwenda nalo nyumbani. Mama alilikataa kwa adabu na kwa sababu za kitaalamu, kisha akakaa naye hadi mchana kumweleza kwa nini na yeye asiule.

Kuhesabu kupe si kazi ya mtu mwenye haraka. Unaanzia masikioni, unashuka shingoni, kwapani, kwenye kiwele, unamalizia chini ya mkia, na wakati wote huo ng'ombe naye ana maoni yake. Wataalamu wengi huhesabu upande mmoja wakazidisha kwa mbili. Mama Kupe huhesabu pande zote, kwa madai kwamba kupe hawajawahi kukaa kikao wakagawana ng'ombe sawasawa. Akihesabu huimba pambio kwa sauti ya chini. Sisi tulijua amepoteza hesabu pale pambio lilipokatika, na hapo ilikuwa busara kutafuta kazi upande mwingine wa zizi.

Siwezi kuacha harusi ya Flora, mwenzetu wa mapokezi. Mama alikuja ukumbini moja kwa moja kutoka kijijini, amebadilisha nguo lakini hakubadilisha mkoba. Wakati wa kutoa zawadi akaingiza mkono kutafuta bahasha, kumbe kifuniko cha kichupa cha sampuli kilikuwa kimefunguka. Wageni wa meza kuu walisimama kabla MC hajawaambia wasimame. Kupe wote walipatikana isipokuwa mmoja. Mama akawatuliza maharusi kwamba huyo aliyepotea ni dume, na dume hana madhara makubwa. Mume wa Flora hajaisahau kauli hiyo mpaka leo.

Sasa nije kwenye dawa chungu, kwa sababu bila hiyo nitakuwa nimemwandika mtu mwingine.

Vimelea vya ndigana na vimelea vya malaria ni vya ukoo mmoja. Kuna dawa ya zamani ya malaria ambayo wengi wetu tulimezeshwa utotoni, tukajikuna mpaka tukalia. Hospitali zilikwisha kuiacha kwa sababu malaria iliizoea. Mama Kupe alijiuliza swali ambalo halikumtoka kichwani: dawa hiyo ikiwa ndani ya damu ya ng'ombe, kupe atakayeinyonya damu hiyo atakuwaje? Ikimuua, au hata ikimzuia tu asitage mayai, basi mfugaji asiye na josho angepata pa kushika. Nami niliyekaa naye nilijua swali hilo lilianzia wapi. Lilianzia katika zizi la Kinampanda.

Alianza na ng'ombe sita katika mabanda yetu. Dawa ilikuwa chungu kama shubiri, na dume mmoja aliitema yote kwenye shati jeupe la mkurugenzi wetu, Dkt. Clement Kiula. Lakini kupe walioanguka kutoka kwa ng'ombe wale walitaga mayai machache kuliko kawaida. Mama mwenyewe alisema ng'ombe sita ni wachache mno wa kuwaamini. Alisema hivyo huku akitununulia soda watu wote, pamoja na mlinzi.

Mwaka 2014 tukaipeleka dawa kwa wafugaji wa Unyambwa na Ikungi waliokubali kushirikiana nasi. Katika kila zizi, nusu ya ng'ombe wangenyweshwa dawa na kuvishwa hereni za njano. Nusu nyingine wasingenyweshwa, nao wangevaa hereni za bluu. Kilichobaki kilikuwa kuamua nani anyweshwe na nani asinyweshwe. Kanuni aliitunga Mama. Ng'ombe waingie kwenye kibanio, ule uchochoro wa nguzo wanamobanwa ili watibiwe, kama wanavyokuja wenyewe. Nusu ya kwanza wapewe dawa, nusu ya mwisho waachwe. Ng'ombe hawana cheo, alisema, wala hakuna ajuaye nani atatangulia. Kituo kizima kikaona ni haki tupu, na wengi wetu ni watoto wa wafugaji wa hapa hapa.

Kwa misimu miwili ya mvua tulihesabu. Ng'ombe wa hereni za njano walikuwa na kupe chini ya nusu ya wenzao wa bluu, tena si zizi moja, karibu kila zizi. Pambio la Mama lilipanda sauti. Dkt. Clement, ambaye hajawahi kuwa mtu wa kushangilia ovyo, alialika wageni wakubwa kutoka Dodoma kuja kusikia matokeo, akaagiza mahema na kuku. Huko vijijini habari zilitutangulia. Wafugaji walianza kuulizia vidonge vile vinauzwa duka gani, na wengine walisema wazi kwamba wakivipata hawatahangaika tena na kuogesha.

Siku chache kabla ya wageni kufika, Mama alikwenda Kinampanda kumsalimia Mzee Marko na kumwona ng'ombe wake. Hakumpa mtu taarifa, kwa sababu mwenye ng'ombe wa amana huja siku yoyote anayotaka, na huo ndio utaratibu. Ilikuwa Machi, mvua imenyesha vizuri, majani yamejaa kupe. Aliposimama kando ya ng'ombe wake mkono ulianza kazi kwa mazoea: masikioni, shingoni, kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia. Hakukuta hata kupe mmoja. Akamgeukia ng'ombe wa Mzee Marko mwenyewe, aliyefungwa pembeni. Huyo alikuwa nao hadi kwenye kope.

Kinampanda hatukuwahi kupeleka dawa yetu. Akamuuliza mke wa Mzee Marko, Mama Editha, anamwogesha ng'ombe yule kwa dawa gani. Mama Editha akacheka, akamjibu kwa Kinyiramba, na kwa Kiswahili jibu lake ni hili: "Nimwogeshe na nini, mwanangu? Ng'ombe wa mtu hakutwi na kupe. Ungekuja ukamkuta nao, uso wangu ningeuweka wapi?" Kila jioni, wakishakamua, humtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole na kuwatupa motoni. Wa kwao wenyewe huwatoa wakipata nafasi.

Mama akauliza swali la pili. Daktari wa mifugo akija, ng'ombe gani huingizwa kwanza kwenye kibanio? Mama Editha alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau njia ya kwao. Wa mtu ndio huanza, akasema. Unaweza kujipakulia wewe kabla ya mgeni?

Hapo ndipo alipoelewa. Katika mazizi yote tuliyozunguka, nusu ya kwanza kwenye kibanio walikuwa hasa ng'ombe wa amana, waliotangulizwa kwa heshima. Hao ndio tuliowavisha hereni za njano. Na hao ndio ambao akina mama na watoto walikuwa wakiwachambua kupe kila jioni, kabla yetu, baada yetu, na bila kutujali sisi wala dawa yetu. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuwauliza, nao hawakuona kuna jambo la kusema, maana nani hutangaza kwamba anatunza mali ya rafiki yake?

Jumatatu nilimkuta maabara ameketi mbele ya darubini isiyo na kitu chini yake. Akaniambia, "Calist, tumeipima adabu ya watu. Dawa hatujaipima." Nilimhurumia, nami nalisema wazi. Kosa lenyewe lilikuwa la mtoto wa Kinampanda, aliyesomeshwa na ng'ombe wa amana, ambaye desturi hiyo aliijua kabla hajajua kusoma. Aliiacha nyumbani akidhani haihusiani na sayansi. Angenyamaza, asingejua mtu. Wageni wangekula kuku, jina lake lingevuma, na lile zizi la baba yake lingekuwa limepata jibu.

Alikwenda ofisini kwa Dkt. Clement akamwomba afute shughuli. Mkurugenzi alimsihi watangaze kwanza, marekebisho yafuate taratibu. Mama akamjibu kwamba wafugaji wataacha kuogesha siku hiyo hiyo, na ndigana haitasubiri marekebisho. "Watakufa ng'ombe, Daktari, tena kwa jina langu." Shughuli ikafutwa. Dkt. Clement alipiga simu kwa wageni mmoja mmoja, na kila simu ilikuwa fedheha. Kwa mwaka mzima salamu za wawili hao ziliishia mlangoni. Bosi ameisoma aya hii kabla haijachapwa, akaniambia niirekebishe: ilikuwa karibu miaka miwili.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kufuta mahema. Mama alirudi kwa kila mfugaji kueleza. Wengi walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini mzee mmoja wa Ikungi aliumia, akauliza kama alifanya vibaya kumtunza ng'ombe wa mwenzake. Mama alikaa naye kwenye kigoda mpaka jua likazama. Alimwambia yeye hakukosea kitu, aliyekosea ni aliyekuja kwake na maswali yasiyotosha. Mzee yule yupo ukumbini leo, amekuja na kuku wawili, kwa hiyo nadhani yameisha.

Tukaanza upya. Safari hii punje za mahindi na mbegu za alizeti ziliwekwa ndani ya kibuyu, na mama wa nyumba akatumbukiza mkono bila kutazama: akitoa mahindi ng'ombe anapewa dawa, akitoa alizeti anaachwa. Wa amana na wa nyumbani wote walipita kwenye kibuyu. Tulihesabu misimu mingine miwili. Njano na bluu walilingana. Tukarudia na jaribio la mabandani kwa ng'ombe wengi zaidi, na ile tofauti ya mayai iliyotunywesha soda ikayeyuka. Katika majaribio yetu, dawa chungu haikumfanya kupe lolote.

Aliandika hivyo hivyo, kwa jina lake, bila kupamba. Andiko la kusema kitu hakifanyi kazi halipigiwi makofi, na yeye hakuyatafuta. Watafiti wawili wa mbali, waliokuwa wanajiandaa kupita njia ile ile, walimshukuru kwa kuwaokolea miaka. Siku alipopokea shukrani hizo hakununua soda. Aliniomba nimshikie ng'ombe, akaendelea kuhesabu, na baada ya muda nikalisikia pambio.

Kutoka kwenye kosa lile ulitoka mpango ambao wafugaji wanaujua kuliko vyote tulivyowahi kuwapelekea. Katika mikutano ya vijiji Mama hana maneno mengi: mtunze wako kama unavyomtunza wa mwenzio. Toa kupe kwa mkono jioni, peleka mifugo joshoni kwa ratiba, usitegemee kimoja. Josho la kwetu hapa lilikarabatiwa na wafugaji wenyewe, na mchicha hauoti tena. Wapo wanaosema vifo vya ndigana vimepungua sana. Ukimuuliza Mama, atakuambia anaamini hivyo ila bado hajapima vizuri, na atakutazama kwa namna ya kukuomba usimnukuu.

Mengine nayataja kwa haraka, kamati inaniangalia. Alipata shahada ya uzamivu akiwa na mtoto mgongoni. Amewafundisha kazi vijana wengi ambao leo ni maafisa mifugo wa wilaya, na hakuna hata mmoja aliyehitimu kwake akihesabu upande mmoja. Amemgombeza kila mtu humu ndani kwa kuweka chapati kwenye friji ya maabara. Mume wake, Mwalimu Elisha, anastahili pongezi za pekee, kwani yeye friji yake ya nyumbani imekaa miaka mingi ikiwa na vichupa vya kupe jirani na maziwa, naye hakuwahi kulalamika mbele yetu. Peniel, mwanawe, ni mhasibu na hataki kusikia habari za kupe. Tunamwelewa.

Wafanyakazi tumechanga tukamnunulia zawadi. Ni yule mtamba mwekundu aliyefungwa hapo nje, ambaye wengi mmeuliza ni wa nini. Tulikusudia iwe siri, lakini siri ya ng'ombe haikai, analia. Wiki iliyopita Mama alikuja kutushukuru kabla hajapewa, akatoa na ombi. Hatampeleka Kinampanda. Huko amejenga zizi lake la kustaafia, na mtu mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja. Huyu angependa amwache Unyambwa, awe wa amana.

Tulidhani atamwachia mmoja wetu wa maabara, na sikatai, nilikuwa nimeanza kufikiria maziwa. Akamgeukia Dkt. Clement, ambaye anafuga hapa jirani, akamwomba amtunzie. Kwetu ng'ombe hawekwi kwa mtu ambaye moyo wako haujatulia kwake, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka, akasema atamtunza. Jana nilipita kwake nikamkuta zizini na tai yake ya kazini, ameinama kwenye sikio la ng'ombe wake mwenyewe, anajifunza.

Mama Kupe, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali wako, na kwa siku ile ulipouacha ukweli uuchukue mchango wa miaka yako yote. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha Kinampanda, na friji isiyo na vichupa. Maisha yako yawe mema. Na utakapotaka kumwona ng'ombe wako, njoo siku yoyote. Usitupigie simu kwanza.

Calist Njiku, Maabara